Pampu ya insulini kwa mtoto wa miaka 9: tuipokee au tubaki na sindano?

Baba wa Chumbageni

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu katika jambo ambalo familia yangu inapaswa kuliamua kabla mwaka haujaisha. Binti yetu ana umri wa miaka 9 na uzito wa kilo 28, na anaishi na kisukari cha aina ya kwanza tangu alipokuwa na miaka 6. Anachomwa kwa bomba: asubuhi na jioni anapata insulini yenye ukungu, ile ya muda wa kati, na kabla ya mlo anapata ile angavu ya muda mfupi, jumla yake ikiwa takribani yuniti 24 kwa siku. Insulini tunapewa kliniki bila malipo. Vijiti vya kupimia sukari tunapewa pia, lakini tunaongezea vya kununua.

Dada yangu anayeishi Birmingham amepata pampu ya insulini kutoka kwa rafiki yake, ambaye mtoto wake amebadilishiwa kifaa kipya. Anasema inafanya kazi vizuri, na itakuja na maboksi kadhaa ya mirija na kanula, vile vibomba vidogo vinavyoingia chini ya ngozi. Mama watoto anataka tuipokee hata kesho, kwa sababu usiku ndio unaotutesa: sukari ya mtoto inashuka saa nane au saa tisa za usiku, tunamwamsha na kumnywesha soda, na kukipambazuka kipimo kinasoma 15 au 17 (milimoli kwa lita), yaani sukari iko juu sana. Mimi nasita, na sina uhakika kama kusita kwangu ni busara au ni woga wa vifaa tu.

Tunaishi Tanga mjini. Joto mnalijua. Umeme hukatika, ingawa si kwa saa nyingi, na friji tunayo. Shule ni ya serikali na mwalimu wake wa darasa ni mwelewa. Mliokwisha kuishi na kifaa hiki, na mliokikataa, naomba mnieleze mlipima nini na nini.

Mama Leicester

Kaka, poleni kwa kukesha, usiku huo naujua. Mwanangu ana miaka 11 na amekuwa kwenye pampu kwa miaka kadhaa, hivyo nitaeleza mazuri yake bila kuficha, halafu nitaeleza kwa nini hali yetu huku haiwezi kuhamishiwa kwenu pamoja na hicho kifaa.

Pampu inatumia insulini ya haraka peke yake. Inaidondosha kidogo kidogo mchana na usiku kupitia kanula iliyo chini ya ngozi, na wakati wa kula unabonyeza kiasi cha mlo. Faida yake ya kwanza ni udogo wa dozi, kwa kuwa kalamu nyingi za kuchomea insulini za watoto haziwezi kutoa chini ya nusu yuniti, wakati pampu inaweza kutoa sehemu ya ishirini ya yuniti. Faida ya pili ni kwamba kiasi cha saa nane usiku kinaweza kuwa tofauti na kiasi cha saa kumi na moja alfajiri, jambo ambalo sindano ya jioni haiwezi kabisa.

Hata hivyo, kilichobadilisha usiku wetu hakikuwa pampu peke yake. Mwanangu ana kihisi cha sukari mkononi, na programu inayosoma kihisi hicho na kuiambia pampu ipunguze au iongeze. Mfumo huu wa nusu otomatiki ndio ambao NICE, taasisi inayopanga matibabu ya kulipiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku Uingereza, iliupendekeza mwezi Desemba 2023 kwa watu wenye kisukari cha aina ya kwanza, watoto wakiwemo. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2022 kwa watoto 74 wenye umri wa mwaka 1 hadi 7, ambamo mfumo kama huo ulilinganishwa na pampu yenye kihisi lakini isiyojiendesha, na muda ambao sukari ilikaa ndani ya kiwango kizuri uliongezeka kwa asilimia 8.7 ya siku nzima, yaani zaidi ya saa mbili kila siku, bila sukari ya chini kuongezeka. Ndiyo maana nakuuliza mapema: hiyo pampu ya shangazi inazungumza na kihisi, au ni ile ya zamani inayotekeleza ulichoipangia jana bila kujua sukari ya leo? Kama ni ya zamani, itaendelea kudondosha insulini hata sukari ya mtoto ikiwa chini mno, tuseme 2.8.

La mwisho kwa leo. Pampu nyingi huku hutolewa na NHS na mara nyingi hubaki kuwa mali ya hospitali. Wifi yetu wa Birmingham aulize kwanza ni ya nani kabla hajaifunga kwenye sanduku.

Muuguzi wa Watoto

Baba, nashukuru kwa kuweka uzito, dozi na saa za kushuka, kwa sababu wengi huuliza swali hili bila hata kimoja kati ya hivyo. Nafanya kazi katika kliniki ya watoto wenye kisukari. Sitakuambia upokee wala ukatae, maana hilo ni la daktari wake na la familia, ila nitakuonyesha mahali ambapo uamuzi wenyewe umelala.

Chukua yuniti zake 24. Mtu anapohamia kwenye pampu, jumla kwa kawaida hupunguzwa kidogo, asilimia 10 hadi 20, lakini kwa urahisi wa hesabu tuziache 24. Karibu nusu yake ni insulini ya msingi, yaani yuniti 12 kwa saa 24, ambayo ni nusu yuniti kwa saa. Sasa fikiria kanula imejikunja saa tatu usiku mtoto alipojigeuza kitandani. Kwa kuwa insulini ya haraka hufanya kazi kwa saa chache tu, ikifika saa sita au saa saba usiku mwili wake unakuwa karibu hauna insulini, kwa sababu hakuna akiba yoyote ya insulini ndefu iliyobaki chini ya ngozi. Ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaanza kupanda, na kabla ya mchana mtoto anaweza kuwa anatapika na kuhema kwa nguvu, damu ikiwa imegeuka tindikali. Mtoto wa sindano aliyekosa dozi moja ya mlo anapandisha sukari. Mtoto wa pampu iliyoziba bila mtu kujua anaweza kufikia hatari ya kufa kabla siku haijaisha. Kengele ya pampu husaidia pale mrija unapoziba kabisa, lakini kanula iliyochomoka na kumwaga insulini kwenye shuka mara nyingi haipigi kengele.

Kwa hiyo anayevaa pampu anapaswa kuwa na mambo manne nyumbani bila kukosa. Kwanza ni vijiti vya sukari vya kupima angalau mara sita kwa siku, kama hakuna kihisi. Pili ni vijiti vya kupima ketoni kwenye damu, ambavyo kuanzia 0.6 vinakutaka uwe macho, kuanzia 1.5 vinakutaka uwasiliane na hospitali mara moja, na vikifika 3 hiyo ni dharura. Tatu ni insulini ya akiba pamoja na bomba au kalamu, ikiwemo ya muda mrefu, ambayo haijaisha muda wake, pamoja na karatasi yenye dozi za kurudia sindano siku pampu itakapozima. Nne ni mtu wa kumpigia simu saa yoyote, anayeijua pampu hiyo hiyo na si pampu kwa ujumla.

Halafu kuna mirija. Kanula na mrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili hadi tatu, kwa hiyo ni seti 10 kwa mwezi kwa uchache na zaidi ya 120 kwa mwaka, bila kuhesabu zile zinazong'oka kwa jasho. Kampuni nyingi hutengeneza mirija isiyoingia kwenye pampu ya kampuni nyingine, na kuna nyingine ambazo hata kichupa cha kujazia insulini ni cha kwao peke yao. Maboksi kadhaa ya shangazi yatakupeleka miezi michache. Baada ya hapo mtoto wako anategemea masanduku ya wasafiri.

Insulini nayo ni suala. Pampu za sasa zimeidhinishwa kwa insulini za haraka kama lispro na aspart, na hiyo angavu mnayopewa bure kliniki siyo hiyo. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kwa hiyo kwa mtoto wako chupa moja ingetosha mwezi, lakini itakuwa ya kununua.

Nina swali moja kabla sijaendelea. Hiyo sindano ya jioni yenye ukungu mnamchoma saa ngapi?

Mkongwe wa Sindano

Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mombasa, nimekua na kisukari tangu darasa la pili, na sijawahi kuvaa pampu, kwa hiyo nitasema machache ambayo watu wazima husahau.

Ametajwa shangazi, mama, baba, na umeme. Mtoto mwenyewe anasemaje? Kuvaa kifaa saa 24 si jambo dogo kwa msichana wa miaka 9 ambaye miaka michache ijayo atakuwa anabadilisha nguo mbele ya wenzake. Wapo wanaoipenda kwa sababu sindano nne zinakuwa kanula moja kila siku tatu, na wapo wanaoiona ni tangazo la ugonjwa lililoning'inia kiunoni. Pia shule zetu nyingi zinakataza simu, na pampu yenye kioo inafanana na simu kiasi cha kutosha kumtia matatani kwa mwalimu wa zamu asiye na habari. Barua ya daktari iwe ofisini kwa mwalimu mkuu kabla kifaa hakijaingia getini.

Jambo la pili ni gundi. Pwani hii tunatoka jasho tukiwa tumekaa. Mwombe shangazi atume seti moja tu ya kanula, mkamvalishe mtoto bila pampu na bila insulini, acheze nayo, akaogelee nayo Raskazone, alale nayo. Kama haikai hata siku mbili, hapo mtakuwa mmejifunza kitu kwa gharama ya bahasha.

Muuguzi wa Watoto

Wazo la kujaribu kanula tupu ni zuri, ila avalishwe kliniki, kwa sababu ya usafi na kwa sababu tunataka kuona ngozi ikitolewa.

Baba wa Chumbageni

Nashukuruni sana. Sista, jioni tunamchoma zote mbili kwa pamoja kabla ya chakula, saa moja au saa moja na nusu.

Mkongwe, marahaba mwanangu. Nimemuuliza binti. Swali lake la kwanza lilikuwa kama atalala nayo, la pili kama itamzuia kuruka kamba, na la tatu, ambalo lilimfanya mama yake atoke nje kidogo, ni kama sisi tutaacha kumwamsha. Kwa hiyo naona anachokitaka ni usingizi, na kifaa chenyewe hana habari nacho sana.

Dada wa Leicester, pampu si ya kihisi. Nimeambiwa ni ya kabla ya hizo. Suala la nani mmiliki linaulizwa.

Muuguzi wa Watoto

Hapo sasa tunaanza kuelewana. Insulini yenye ukungu, hii ya NPH, huanza kufanya kazi polepole na kufikia kilele baada ya saa kadhaa, kwa wengi kati ya saa 4 na 8, na kwa wengine hata zaidi. Ukiichoma saa moja jioni, kilele chake kinaangukia kati ya saa tano usiku na saa tisa, wakati mtoto amelala, chakula kimekwisha kusagwa, na mwili hauhitaji insulini nyingi. Ikifika alfajiri, homoni za mwili zinapandisha sukari na insulini yenyewe inafifia. Ongeza soda ya saa nane usiku, na 15 ya asubuhi inaeleweka. Mwulize daktari wake kuhusu kuitenga ile ya jioni, yaani angavu ibaki kabla ya chakula na yenye ukungu isogezwe hadi wakati wa kulala. Ni mabadiliko yasiyogharimu shilingi, lakini usiyafanye peke yako, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kupunguzwa na mtapaswa kupima saa nane kwa siku za mwanzo.

Nikuombe mambo mawili mengine ya kufanya kwa mikono yako. Kwanza, chupa yenye ukungu iviringishwe taratibu kati ya viganja hadi maji yote yafanane kwa weupe, chini pasibaki unga, kisha ndipo uvute. Isitikiswe. Chupa isiyochanganyika vizuri hutoa dozi hafifu leo na dozi kali wiki ijayo, na mzazi anadhani mtoto ameiba biskuti. Pili, mlaze binti, upake mafuta kidogo kwenye vidole vyako, upapase mapaja, tumbo na mikono mahali mnapochoma. Ukikuta sehemu iliyovimba au ngumu kama mpira wa kufutia, hapo insulini inanyonywa kwa namna isiyotabirika. Sehemu hiyo ipumzishwe kwa miezi, na dozi iangaliwe upya, kwa sababu ukihamia kwenye ngozi nzima insulini ile ile itakuwa na nguvu zaidi.

Na soda yenyewe mnampa kiasi gani? Kwa mtoto wa kilo 28, gramu 8 au 9 za sukari kwa kawaida zinatosha kuinua sukari iliyo chini ya 3.9, na hizo zinapatikana katika takribani mililita 90 za soda ya kawaida, isiyo ya daiti. Baada ya dakika 15 unapima tena. Chupa nzima ni kumrusha hadi 17.

Jirani wa Athi River

Nimesoma kwa utulivu, na ninaheshimu kila alichosema Sista, lakini naomba kuweka upande wa pili, kwa sababu naona uzi unaelekea kumfanya mtu wa Tanga aamini kwamba pampu ni ya Wazungu.

Kijana wangu ana miaka 14. Alivaa pampu yenye kihisi, tuliyonunuliwa na ndugu aliye Dubai. Miezi ile ilikuwa bora kuliko yote tangu augue: kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi iliyopita, kilishuka, alikula pamoja na wenzake bila saa, na alicheza mpira akiwa ameivua kwa muda usiozidi saa moja na kuirudisha. Kisha mzigo wa vihisi ulikwama njiani, akaingia shule ya bweni, matroni akawa hana muda wa kujifunza kifaa, na kijana mwenyewe akaamua kurudi kwenye kalamu: insulini ya muda mrefu mara moja kwa siku na ya haraka kwenye milo. Yuko salama. Hata hivyo sijutii. Alijifunza kuhesabu wanga kwa ajili ya pampu, na hesabu hiyo ndiyo inayomsaidia mpaka leo kwenye sindano. Akiona sahani ya wali wa gramu 200 anajua ni takribani gramu 56 za wanga na anachoma kwa hesabu hiyo.

Hoja yangu ni kwamba tukisubiri hadi kila kitu kikamilike, watoto wetu watakuwa watu wazima. Hata insulini ya bure kwa watoto, iliyoletwa na mipango kama Changing Diabetes in Children ulioanza mwaka 2009, ingeonekana ndoto kwa mzazi wa mwaka 1995.

Mama Leicester

Ndugu wa Athi River ana haki katika hilo. Nakubaliana naye kwamba si kifaa cha Wazungu, ingawa kwa mfano wake mwenyewe kilichokatika kilikuwa mnyororo wa vifaa, kijana akiwa bado anakipenda.

Nami niongeze jambo kutoka huku ambalo linaweza kumpunguzia baba presha. Kulifanyika jaribio katika hospitali 15 za England na Wales kwa watoto na vijana 293 waliokuwa wamebainika karibuni, nusu wakapewa pampu na nusu sindano nyingi kwa siku, na matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Baada ya mwaka mmoja, walio kwenye pampu hawakuwa na HbA1c bora kuliko wa sindano, na pampu ilikuwa ghali zaidi. Hizo zilikuwa pampu za kawaida, kama hiyo ya shangazi, zisizojiendesha kwa kihisi, na kwa watoto wenye timu kamili ya hospitali nyuma yao.

Muuguzi wa Watoto

Na hata ule utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1993, wenye washiriki 1,441, ambao kila mtetezi wa pampu huutaja, haukushindanisha pampu na sindano. Kundi lililopata matibabu makali lilitumia pampu au sindano tatu na zaidi kwa siku, pamoja na kupima mara nyingi na kurekebisha dozi, na hatari ya kuanza kwa madhara ya macho ikashuka kwa asilimia 76. Kilichowalinda ni udhibiti wenyewe. Gharama yake ilikuwa sukari kushuka vibaya karibu mara tatu zaidi ya kundi la kawaida, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuweka kihisi mbele ya pampu kila ninapoulizwa jinsi ya kutumia fedha ya ndugu aliye nje.

Ndugu wa Athi River, sipingani nawe. Mtoto wa miaka miwili anayehitaji robo yuniti, mtoto ambaye sukari inashuka ghafla bila yeye kuhisi, mtoto ambaye alfajiri yake haikubali dozi yoyote ya sindano baada ya kila kitu kujaribiwa: hao ningewapigania wapate pampu hata Tanga. Kwa binti huyu bado kuna milango ambayo haijafunguliwa.

Baba wa Chumbageni

Nimetulia na kusoma yote pamoja na mama watoto, na tumemhusisha shangazi kwa simu.

Sista, nilipapasa kama ulivyoelekeza. Paja la kulia lina sehemu mbili ngumu, na ndilo paja analolipenda kwa sababu haliumi. Daktari ameliona, ameagiza lipumzike, amepunguza dozi, na ameisogeza ile yenye ukungu hadi saa tatu usiku. Tumekwisha kuanza kupima saa nane. Ni mapema kusema lolote, ila usiku wa jana kipimo kilisoma 7.4 na hatukumwamsha.

Nina maswali mawili. Daktari ametaja insulini ya muda mrefu, glargine, badala ya hii yenye ukungu. Je, inafaa kuigharimia kabla ya kihisi au baada yake? Na joto: nikipata kihisi au siku moja pampu, insulini iliyo kwenye kichupa kinachogusa mwili wa mtoto anayekimbia juani haitaharibika?

Muuguzi wa Watoto

Glargine haina kilele kikali kama NPH, na usiku mwingi wa watoto hutulia nayo. Shirika la Afya Duniani liliingiza insulini za muda mrefu za aina hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo uliza kliniki kama imeanza kupatikana kwenu kabla hujafungua pochi. Kama mabadiliko ya saa tatu usiku yakitosha, huenda usiihitaji kwa sasa. Ningeanza na kihisi, hata kama ni cha kuvaa wiki mbili tu kisha kupumzika, kwa sababu wiki mbili hizo zitamwonyesha daktari mchoro wa usiku mzima ambao kidole kilichotobolewa mara tano hakiwezi kuuonyesha. Shangazi ahakikishe kwanza kwamba programu ya kihisi inafungua kwenye simu iliyosajiliwa Tanzania, kwa kuwa nyingi zimefungwa kwa nchi.

Kuhusu joto: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha mwaka 2021 matokeo yaliyotokana na hali ya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ambapo insulini ziliwekwa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 na zikabaki na nguvu zake. Kwa chupa iliyofunguliwa nyumbani, hiyo ni habari njema kwa wasio na friji. Pampu juani ni suala jingine, kwa sababu kichupa chake kinaweza kupita nyuzi 37, na hapo unabadilisha insulini mapema bila kusubiri siku ya tatu.

Mkongwe wa Sindano

Na seti ya kanula ya majaribio, mzee? Bado nasubiri habari za gundi.

Baba wa Chumbageni

Inakuja na mgeni wa mwezi ujao, pamoja na vihisi viwili. Pampu yenyewe tumekubaliana ibaki Birmingham: rafiki ya shangazi amegundua kweli ni mali ya hospitali na anairudisha. Mama watoto alinuna siku moja, kisha akasema fedha ambayo shangazi angeitumia kwa mirija ya mwaka iende kwenye vihisi na kwenye vijiti vya ketoni, ambavyo hatukuwa navyo kabisa na ambavyo Sista amenitia hofu navyo ipasavyo.

Ndugu wa Athi River, sijafunga mlango. Nimemwomba daktari aandike kwenye faili kwamba suala la pampu litaangaliwa tena baada ya vihisi kusomwa, na nimemwomba shangazi aulize bei ya mfumo unaojiendesha pamoja na mirija na vihisi vya mwaka mzima, vikiwa vipya na vyenye dhamana, ili siku tukilizungumza tena tuwe na tarakimu. Kama una orodha ya vitu ulivyokuwa ukinunua kila mwezi, naomba uiweke hapa, hata kama bei zake zimepitwa na wakati.

Jirani wa Athi River

Nitaitafuta daftari na kuiweka Jumamosi. Nitaanza na gundi ya ziada, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo hakuna aliyetuambia tuinunue.